TAHADHARI: Fundi wa rampu anayeuza "mbao za dawa" zilizopakwa rangi, yupo Tabora mjini

Wana Tabora, mwangaluka. Jina lake siandiki, ila mbinu zake nazimwaga zote. Ukikutana naye utamjua.

Mama yangu alipata kiharusi mwaka jana, akarudi nyumbani Isevya akiwa kwenye kiti mwendo. Hata wiki haijaisha, jamaa akapiga hodi. Mpole, shikamoo kwa kila mtu, simu imejaa picha za rampu nzuri nzuri, zile njia za mteremko za kupandishia kiti mwendo. "Vijana wa bodaboda wameniambia bimkubwa hawezi ngazi." Baraza letu lina ngazi tatu, inchi 18 kutoka chini. Akasema atatumia mbao za dawa kutoka Mafinga, mchwa hazigusi, na kwa kuwa mama ni wetu sote atanifanyia laki nne, laki tatu mkononi kwanza. Nikasema tuandikishane. Akacheka: "Dada, ndugu kwa ndugu tunaandikishana nini?"

Hapo ndipo ningemtoa. Sikumtoa.

Mbao zikaja na guta, kijani kibichi. Mdogo wangu akataka kukata ncha moja aone ndani, jamaa akamshika mkono: "Ukikata, dawa inatoka." Tukanyamaza. Jamani, paini ya dawa hutiwa kwenye tangi na dawa kusukumwa ndani kwa presha. Ukiikata, ukijani unauona umezama kwenye nyama ya mbao. Fundi anayekukataza kukata anajua utakachokiona.

Mvua za Desemba zilipokolea, kazi ikaanza kujionyesha. Nguzo alikuwa amezichimbia kwenye udongo mtupu, na mchwa wa huku mnawajua. Januari, asubuhi, tunamtoa mama aote jua, gurudumu dogo la mbele likatumbukia kwenye ubao. Hakuumia, namshukuru Mungu, lakini alilia, na mama yangu si mtu wa kulia. Niliokota kipande: rangi juu nyembamba kama ganda la kitunguu, ndani nyeupe kama muhogo, na vijia vya mchwa vimejaa udongo.

Na hata kabla ya kuvunjika, rampu yenyewe ilikuwa mlima. Kipimo kinachotumika ni inchi 1 ya kwenda juu kwa futi 1 ya urefu, kwa hiyo baraza letu lilitaka futi 18. Yeye alijenga futi 7. Kumpandisha mama ilikuwa kazi ya watu wawili, kumshusha tunarudi kinyumenyume roho mkononi. Nilipomuuliza alisema ametuokolea mbao. Kweli aliokoa, ila zake.

Simu yake sasa haipatikani, na nimesikia kuna familia nyingine Cheyo ambako ameshapiga hodi.

Tumejenga upya kwa fundi mwingine, mzee asiye na maneno mengi. Alikuja na futi kamba kabla ya kutaja bei. Uwanja wetu haubebi futi 18 zilizonyooka, akaikunja kwenye kona na kuweka jukwaa la futi 5 kwa 5 ili kiti kigeuke. Upana futi 3, pembeni kuna ukingo gurudumu lisichomoke, nguzo zimekaa juu ya zege, mbao zimefungwa kwa skrubu, na rangi ya juu imechanganywa na mchanga isiteleze mvua ikinyesha. Duka la mbao alinipeleka mwenyewe, akaomba msumeno, akakata ncha mbele ya muuzaji. Muuzaji wala hakununa. Risiti nimepewa mimi.

(Masalia ya mbao za dawa za kweli msiyapikie. Dawa hiyo mara nyingi ina aseniki, na moshi wake ni sumu. Mzee aliyakusanya yote kwenye kiroba.)

Kile kipande cha kijani nimekiweka dirishani. Mnaonifahamu, kama mnataka kununua mbao wiki hii, piteni mkichukue mkalinganishe.