Nilipima madini ya risasi (plomb) kwenye udongo na maji ya kisima, Lubumbashi: uzoefu wangu

Lupango yetu (kiwanja cha nyumba) iko upande wa mtaa wa Penga Penga, ambako pepo za kiangazi zilileta moshi wa bomba la kiwanda cha shaba miaka na miaka. Nalima mboga ya lengalenga (mchicha) hapo na maji tunachota kisimani. Mwezi wa saba nikapeleka vyote viwili kwenye maabara moja ya hapa mjini.

Kwa udongo, nawasifu. Mfuko wangu wa kwanza walikataa, maana nilichimba kwa jembe hadi kiwiko. "Vumbi la bomba halijichimbii chini, mama," fundi akaniambia. Nikarudi, nikakwangua sentimita mbili za juu mahali kumi, nikachanganya. Wakaukausha, wakauchekecha, wakauchemsha na asidi ya nitriki (niliuona moshi wa kahawia ukitoka), ndipo wakapima kwa mashine ya mwali wa asetilini. Siku kumi. Jibu lilipita miligramu 400 kwa kilo. Marekani tangu 2024 onyo kwa udongo wa makazi linaanzia 200. Jirani ananunua madini, akataka kunipimia bure kwa ile pistole ya eksirei, inayotambua kila madini kwa mstari wake. Inajibu papo hapo, lakini mstari wa aseniki, sumu nyingine, unakaribia kulalia ule wa risasi, na aseniki hapa kwetu haikosekani.

Maji ndiyo yaliyoniudhi. Nilipeleka kwa chupa ya soda, hakuna aliyeniuliza kitu. Karatasi ikasema risasi "haikuonekana". Nikashangilia, nikawapa na majirani wachote. Mtoto wa dada yangu anasoma kemia. Akauliza neno moja tu: kwa mashine gani? Kumbe ni mwali uleule. Mwali unaanza kuona risasi karibu na miligramu 0.1 kwa lita, na kikomo cha Shirika la Afya Duniani ni 0.01. Ni kupima chumvi ya mboga kwa mizani ya magunia ya unga.

Nikaenda kwingine, wenye tanuru la grafiti, mashine inayoona kiasi kidogo kuliko mwali. Bei mara tatu, na foleni. Ila chupa walinipa wao, ina matone ya asidi tayari, risasi isigande kwenye kuta za chupa. Jibu: mikrogramu 4 kwa lita. Kikomo ni 10 (ndiyo ile miligramu 0.01), tunaendelea kunywa.

Wale wa kwanza nitawapelekea tena udongo tu, maji hapana. Lengalenga nimeihamishia kwenye magunia yenye udongo wa mbali; majirani wananicheka.