Stendi ya trei ya ghorofa tatu: sahani nzuri, kiungo kibovu

Kwa muda sasa nimekuwa nikizijaribu stendi za trei za ghorofa mbili na tatu, za kauri, za mbao na za fremu ya chuma, kwa sababu ni vyombo ninavyovipenda na kuvitumia mara kwa mara. Nilikusudia kuandika tathmini inayozilinganisha zote kwa ubora na utulivu. Hata hivyo, moja kati yao imenikera kiasi kwamba zilizobaki nitazigusia tu, nayo ni ile ya kauri yenye fimbo moja katikati, ambayo kwa kuitazama ni nzuri kuliko zote.

Nianze kwa kuipa haki yake. Sahani zake tatu zina uzito unaostahili, rangi yake ya kung'aa imeenea sawasawa hadi ukingoni, na tundu la katikati limetobolewa kwa usafi bila kumeguka popote. Niliipa alama 4 kati ya 5. Alama moja niliipunguza kwa sababu ya mtikisiko wa sahani ya juu, uliojitokeza mara tu nilipomaliza kuiunganisha.

Mtikisiko huo ndio kisa chote. Fimbo ya stendi hii inaonekana kuwa moja, lakini ni vipande vitatu vinavyoungwa kwa hesi, yaani mistari ya kuzungushia kama ya skrubu, kila kipande kikiingia katika kile cha chini yake kwa kupitia tundu la sahani, hivyo kiungo kilekile kinachoibana sahani ndicho pia kinachobeba kila kilicho juu yake. Kiungo cha chini, kwenye kitako, hushika vizuri sana. Kiungo cha kati hakishiki. Unakizungusha kwa mkono, kinaanza kukaza, na pale unapotarajia kitulie unakisikia kikiachia na kuzunguka bure, kwa kuwa hesi ya ndani imechongwa katika aloi laini na kwa kina kifupi mno, kiasi kwamba ni meno machache tu yanayokutana. Nilikifungua na kukiunga upya kwa kufuata karatasi ya maelekezo neno kwa neno, na matokeo yakawa yaleyale. Jioni moja, stendi ikiwa imepangwa vitu vyepesi kwa usawa pande zote na hakuna mtu aliyeigusa, sahani ya kati iliinama, ikateleza pamoja na ya juu, ikaigonga ya chini na kupasuka. Vipande vya kauri iliyovunjika vina makali ya kisu, na vilitawanyika mahali ambapo watu walikuwa wakinyoosha mikono kujihudumia.

Ningeelewa kama stendi ingepinduka. Chombo hupinduka pale mstari wa wima kutoka kwenye kitovu chake cha uzito unapopita nje ya ukingo wa kitako, kwa hiyo stendi yenye kitako cha nusu kipenyo cha sentimita 10, na kitovu cha uzito kilicho sentimita 20 juu ya meza, itahimili kuinamishwa karibu nyuzi 27 kabla ya kuanguka. Kitako cha stendi hii ni kipana na hakikuinuka hata kidogo. Sahani ya chini ilibaki pale pale ilipokuwa, imesimama vizuri, huku vilivyo juu yake vikiporomoka, na jambo hilo linaondoa kila kisingizio cha meza isiyo sawa, mtoto aliyepita au upepo wa dirishani.

Kinachoniudhi zaidi ni kwamba udhaifu huu ulichaguliwa. Ukinzani wa fimbo ya duara dhidi ya kupinda huongezeka kwa kipeo cha nne cha kipenyo chake, maana yake fimbo ya milimita 12 ni ngumu mara 16 kuliko ya milimita 6 iliyotengenezwa kwa chuma hichohicho. Anayetengeneza stendi analijua hilo, au anapaswa kulijua kabla ya kuweka sahani nzito juu ya fimbo nyembamba na kisha kuikata fimbo hiyo mahali inapohitaji nguvu. Vilevile hakuweka waasha, yaani pete bapa, ya mpira kati ya chuma na kauri. Ufa wa sahani iliyotobolewa huanzia kwenye tundu, kwa sababu ndipo mkazo unapokusanyika, na chuma kikigusa kauri moja kwa moja hubonyea katika sehemu chache badala ya kusambaza nguvu. Mtumiaji anaachiwa mambo mawili, yote mabaya: akikaza sana ataipasua sahani, akikaza kidogo itacheza.

Niliwaandikia wauzaji, nikaambatanisha picha za kiungo. Jibu lilinijia baada ya ukimya mrefu, nalo lilisema kwamba stendi hiyo ni ya mapambo na kwamba nimeizidishia uzito. Ya mapambo! Boksi lake lina picha ya sahani zote tatu zikiwa zimejaa hadi ukingoni. Nilipowakumbusha picha hiyo, aliyenijibu aliandika kwamba huenda sikukaza vya kutosha, na katika aya iliyofuata akaonya kwamba kukaza kupita kiasi huharibu hesi na hakuhusiki na dhamana. Hakuuliza kama kuna aliyeumia. Kuanzia hapo alama 4 zilishuka hadi 2, na hizo 2 zilibaki kwa ajili ya sahani tu.

Za mbao sina malalamiko makubwa juu yake. Mbao huvimba hewa ikiwa na unyevu na kusinyaa ikikauka, hivyo nati hulegea yenyewe na lazima ikazwe tena kila baada ya muda, lakini haipasuki, na ikianza kucheza hukupa nafasi ya kuiona. Ya fremu ya chuma, ambayo sahani zake hukaa ndani ya pete bila kutobolewa, haina uzuri wowote wa kusimulia. Nilipoipakia vitu upande mmoja tu wa sahani ya juu, jaribio ambalo kwangu ndilo kali kuliko yote, ilibaki wima. Ina miguu minne, na mmoja hauigusi meza vizuri, kwa hiyo hutikisika kidogo. Ya miguu mitatu isingetikisika, ila ingekuwa rahisi zaidi kupinduka kuelekea upande usio na mguu. Naipa 4 bila kusita.

Sahani mbili za kauri zilizosalimika sikuzitupa. Niliondoa vile vipande vya fimbo, nikapitisha fimbo moja ya chuma cha pua yenye hesi kutoka chini hadi juu, nikaweka waasha za mpira juu na chini ya kila sahani, na nati zenye pete ya nailoni ambazo hazilegei kwa mtikisiko. Sasa imesimama kama mnara. Unaweza kuisukuma sahani ya juu kwa kidole na isicheze. Kwa muda mfupi nilifikiri kuirudishia alama zake, kwa kuwa imethibitika kwamba kauri yenyewe ni bora. Lakini kadiri ninavyoitazama ndivyo hasira inavyozidi, kwa maana fimbo moja, waasha chache na nati chache ndivyo tu vilivyokosekana, na mtu aliyeweza kutengeneza sahani nzuri namna ile aliona vitu hivyo havistahili kugharamiwa.

Kwa hiyo sahani nazipa 5, na stendi iliyouzwa pamoja nazo naipa 0. Anayeitamani aombe ifunguliwe kabla ya kulipa, akizungushe kiungo cha kati mwenyewe hadi mwisho, na kikizunguka bila kukaza asikubali kuambiwa kwamba kitakaa sawa kikizoeleka.