Miezi minne ya kusomea IELTS kwa simu: nilichopata na kilichonishinda

Mimi ni muuguzi hapa Dar es Salaam, na kwa miezi minne mfululizo nimelipia programu ya simu ya mazoezi ya IELTS, ule mtihani wa kimataifa wa Kiingereza: sarufi, maneno na usomaji. Jina lake naliacha, maana kuna mahali nitaisema vibaya na sitaki kesi na mtu.

Lengo langu ni kujisajili na baraza la wauguzi la Uingereza, NMC. Wao wanataka bendi 7 (bendi ndiyo alama ya mtihani huo) kwenye kusoma, kusikiliza na kuzungumza, halafu 6.5 kwenye kuandika. Kabla sijatoa hata shilingi nilijipima kwa sampuli ya bure ambayo wenye mtihani wameiweka mtandaoni. Usomaji nikapata 24 kati ya 40, ambayo ni bendi 6. Kufika 7 unahitaji kama 30 hivi. Nikajiambia, maswali sita tu? Hiyo si wiki mbili?

Kila siku programu inakupa maneno 20, zoezi la sarufi la kujaza nafasi, na kifungu kifupi cha kusoma chenye maswali matano. Nililipa elfu ishirini na tano kwa mwezi. Uzuri wake ambao siwezi kuunyima: ukishapakua masomo inafanya kazi bila bando. Nimesomea kwenye mwendokasi nikiwa nimesimama, mkono mmoja juu, mwingine na simu. Nimesomea zamu ya usiku, saa tisa, wodi imetulia na mashine tu ndiyo inalia. Kwa mtu ambaye hana muda wa kukaa darasani, hilo peke yake lina thamani.

Sasa sarufi. Wanatangaza kwamba maelezo yako kwa Kiswahili, na ndicho kilichonivuta. Somo la tatu nikakuta kichwa kimeandikwa "Zawadi Kamilifu". Nikadhani labda ni somo la Krismasi. Nikasoma mifano, "I have eaten", "she has gone", ndipo nikaelewa kwamba mashine iliyotafsiri imekutana na "present perfect" ikaona "present", ikachukua zawadi. Nilicheka peke yangu hadi dada wa usafi akaniuliza kuna nini.

Kicheko kiliisha nilipogundua kwamba maelezo yote ndivyo yalivyo. Ukikosa, inakuonyesha jibu sahihi na sentensi moja ya Kiswahili cha ajabu, basi. Haikuambii kwa nini wewe, Mswahili, umekosa. Mimi nilikuwa naandika "he has arrived yesterday" kila mara, kwa sababu mtaani tunasema "amefika jana" na hakuna anayeshtuka. Programu ilinikosoa labda mara thelathini. Haikuwahi kuniambia kwamba "-me-" yetu inavumilia "jana" na ile ya kwao haivumilii. Hilo nililing'amua mwenyewe, tena kwa hasira.

Na "a" na "the" ndiyo ilinitoa jasho kabisa. Miaka yote ya sekondari, chuo, ripoti za zamu kwa Kiingereza, nilikuwa naziweka kwa kubahatisha. Jirani yetu ni mwalimu mstaafu wa shule ya msingi, kila jioni anakaa barazani na redio yake. Siku moja nikampitia.

"Shikamoo mwalimu."

"Marahaba mwanangu. Mbona uso umekunjamana?"

Nikamwonyesha zoezi. Akavua miwani, akaifuta, akavaa tena. Akaniuliza, "Bibi yako hadithi alikuwa anaanzaje?"

"Hapo zamani za kale palikuwa na mzee mmoja..."

"Halafu?"

"Yule mzee akaenda porini..."

"Basi. 'Mzee mmoja' ndiyo 'a'. 'Yule mzee' ndiyo 'the'. Ukishamtambulisha, ni yule."

Najua haimalizi kila kitu. Kuna majina ya nchi, kuna milima na mito, kuna "the rich", kuna vitu visivyohesabika kama "information" ambavyo havitaki "a" hata kidogo. Lakini kwa sekunde kumi za mzee yule nilipata zaidi ya mwezi mzima wa kubonyeza vitufe. Tangu siku hiyo makosa yangu ya "a" na "the" yamepungua karibu nusu.

Kwenye maneno programu inajitahidi. Orodha yao kubwa inatokana na ile ya maneno ya kitaaluma iliyotengenezwa na Averil Coxhead wa New Zealand mwaka 2000, familia 570 za maneno (neno pamoja na yale yanayotokana nalo), na kweli maneno hayo utakutana nayo kwenye vifungu vya mtihani. Neno ulilokosa linarudi kesho, kisha baada ya siku tatu, kisha wiki. Hilo linafanya kazi. Tatizo ni kwamba kila neno limepewa maana moja. Chukua "discharge". Mimi wodini nalijua mara mbili: kumruhusu mgonjwa aende nyumbani, na ule usaha unaotoka kwenye kidonda. Kwenye kifungu cha sampuli kuhusu mito nikakuta "the discharge of the river". Nikabaki nimeduwaa, mto unatoa usaha? Kumbe ni kiasi cha maji yanayopita kwa sekunde. "Culture" vilevile, kwetu ni kuotesha vimelea maabara. Mwishowe nilinunua kaunta buku, kila neno nikaliandika na majirani zake wawili watatu, yaani maneno linayopenda kukaa nayo, na sentensi niliyolikuta ndani yake. Kaunta buku haitumi ujumbe wa kukukumbusha usome, ila imenifaa zaidi.

Usomaji ndio nilioufuata, kwa hiyo hapa nitakaa kidogo. Kuna yale maswali ya "True, False, Not Given", yaani kifungu kinakubali, kinapinga, au hakijasema. Yalinimaliza. Siku moja programu ikaleta kifungu kuhusu artemisinin, dawa ya malaria iliyotokana na mmea wa artemisia, na Tu Youyou, mwanasayansi wa China aliyepata Nobel mwaka 2015. Nikasema leo ni leo, hii ni kazi yangu. Swali: dawa hii siku hizi hutolewa pamoja na dawa nyingine. Nikabonyeza "True" bila hata kurudi kwenye kifungu. Mimi mwenyewe ndiye ninayegawa ALu, dawa mseto, kila siku ya Mungu! Nikakosa. Jibu: "Not Given". Nikasoma kifungu mara tatu natafuta ugomvi. Kweli, hakuna mahali kimesema. Maswali matano, nikapata moja, kwenye malaria, mimi muuguzi wa Tanzania.

Programu haikueleza kitu. Jibu nililipata zamu ya usiku, nimeshika faili la mgonjwa. Sisi tunafundishwa kwamba kisichoandikwa hakijafanyika. Sasa fikiria mtu anakuambia mgonjwa huyu ana mzio wa penisilini. Ukifungua faili ukakuta imeandikwa hana mzio, hiyo ni "False". Ukikuta sehemu ya mzio iko wazi, hakuna aliyeijaza, hiyo ni "Not Given", hata kama wewe unamjua mgonjwa tangu utoto na umemwona akivimba kwa macho yako. Unajibu faili, hujibu kichwa chako. Kuanzia hapo maswali hayo yalianza kunitii.

Kasoro kubwa ya programu kwenye usomaji ni urefu. Vifungu vyao vina maneno kama 150. Mtihani wenyewe una vifungu vitatu, jumla maneno zaidi ya 2,000, maswali 40, dakika 60, na hupewi muda wa ziada kuhamisha majibu. Ni sawa na kujiandaa kwa mbio za marathoni kwa kuzunguka nyumba. Jaribio langu la kwanza la muda kamili nilifika kifungu cha tatu zikiwa zimebaki dakika tisa. Nikabadilisha utaratibu: programu siku za kazi, na kila siku ya mapumziko sampuli moja nzima kwenye kompyuta, simu nimezima, saa mezani. Hapo pia nikajifunza kusoma maelekezo. Wakisema maneno yasizidi mawili, ukaandika matatu, ni sifuri hata kama jibu ni sahihi. Nimepoteza alama nne hivyo, kwa "the" isiyo na kazi.

Huduma kwa wateja niipitishe haraka. Mwezi wa nne nililipa, masomo hayakufunguka. Walijibu siku ya nne, kwa Kiingereza kirefu cha kuomba radhi, na siku zile hawakunifidia. Nyota moja kwa hilo, nyota nne kwa maneno, mbili kwa sarufi. Kwa jumla naipa tatu. Anayeanzia chini na hana muda, miezi miwili inamtosha, zaidi ya hapo unalipia mazoea.

Matokeo yangu: kusikiliza 7, kusoma 7.5, kuzungumza 7, kuandika 6. Wastani unakuja 7, ndugu zangu wakapiga vigelegele, nikashindwa kuwaambia kwamba NMC hawaangalii wastani peke yake. Kuandika kumenirudisha, na programu haina zoezi hata moja la kuandika aya. NMC wanaruhusu kuunganisha matokeo ya mitihani miwili kwa masharti yao, kwa hiyo narudi kukaa tena.

Jana nilimpelekea mwalimu insha yangu ya kwanza, maneno 261, nimeihesabu mwenyewe. Ameipokea, akaingia ndani kutafuta kalamu nyekundu, na kabla hajakaa vizuri alikuwa ameshakata "the" tatu kwenye mstari wa kwanza.