Mkebe wa shea, baridi ya Julai na yule msichana wa kaunta

Kwanza niseme siandiki haya kwa sababu ya shilingi 850 za mkebe wa siagi ya shea, yale mafuta mazito ya kokwa tunayopaka kwenye ngozi. Nimewahi kupoteza pesa zaidi ya hizo kwa mambo ya kipuuzi zaidi. Naandika kwa sababu ya maneno machache niliyoambiwa mbele ya watu: "Mathe, kwani hii mikono ni ya mjengo?"

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi. Chaki mkononi tangu asubuhi hadi saa tisa. Wenzangu wa ubao mnajua vumbi lile linavyofyonza mafuta ya ngozi hata wakati wa joto. Sasa ongeza Julai ya Nairobi, jua halionekani wiki nzima, alfajiri ni nyuzi 11 au 12, na mimi siwezi kuoga bila maji ya kuchoma. Mwaka huu mikono haikupauka tu, ilipasuka. Mipasuko myembamba kwenye vifundo vya vidole, chaki inaingia humo na kukataa kutoka hata nikinawa. Nikivaa sweta vidole vinanasa kwenye nyuzi. Nikikamua ndimu, ni machozi.

Dada yangu aliye Mombasa haelewi. "Si mko karibu na ikweta?" Nikamwambia ikweta ni jambo moja na mita 1,700 juu ya bahari ni jambo jingine, aje alale huku usiku mmoja na shuka lake jepesi. Akacheka, akanitumia mafuta ya nazi kwa basi, ya kukamuliwa nyumbani. Yalifika yakiwa maji. Kesho yake yalikuwa jiwe ndani ya chupa ya soda. Mafuta ya nazi huanza kuganda joto likishuka chini ya nyuzi 24 hivi, na jikoni kwangu mwezi wa saba nyuzi 24 tunazisikia tu kwa watu wa pwani. Kila asubuhi nayachokonoa kwa njiti ya ufagio, matatu inaniacha. Nikachoka.

Ndipo nikashuka mjini kutafuta siagi ya shea. Duka silitaji. Ni kati ya yale ya chini ya mji ambayo makopo yamepangwa hadi kwenye ngazi na ukigeuka vibaya unaangusha kitu. Foleni ilikuwepo, watu sita au saba. Nikaweka mikono juu ya kioo ili msichana aone shida yangu. Akaishika, akaigeuza kama anakagua viazi sokoni, akasema lile neno la mjengo, halafu, na hapa ndipo damu ilinipanda, akamwita mwenzake: "Kuja uone!" Mwenzake akaja, akaona. Mwanamume aliyekuwa nyuma yangu naye akanyoosha shingo.

Ningeondoka hapo hapo. Badala yake nilisimama kama mwanafunzi aliyesahau kazi ya nyumbani, maana mkebe ulikuwa tayari umeshuka kutoka rafuni. Na bado hakumaliza. Akainama, akatoa chini ya kaunta kijitube kisicho na karatasi yoyote, akanong'ona kwamba hicho kingenitoa sugu na "kukung'arisha kidogo". Kidogo! Sikuomba kung'arishwa. Nilikuja na mikono inayouma. Hidrokwinoni na zebaki, zile kemikali za kung'arisha ngozi, zimepigwa marufuku katika vipodozi nchini, na kitu kinachouzwa chini ya meza bila jina mimi sihitaji mkemia aniambie kwa nini kimejificha. Nilimwambia akirudishe alikokitoa. Akainua mabega. Wakati ananipa risiti akatupa ushauri ambao hakuna aliyeuomba: nipunguze moto wa maji ya kuoga, na nipake ngozi ikiwa bado na unyevunyevu, nisingoje ikauke. Nilitoka bila kusema asante. Sijutii.

Nyumbani nikafungua mkebe. Chembechembe! Juu laini, chini kama uji wa mawele uliochemshwa na mtu mvivu. Nikasugua kidogo kiganjani, nikazihisi punje zinakwaruza ile mipasuko. Nikasema nimeuziwa mchanga. Usiku ule ule niliandika kwenye simu maoni makali, nyota moja, na kama ingewezekana kutoa nusu ningetoa nusu. Sikuyatuma kwa sababu bando liliisha, Mungu ana njia zake.

Baada ya siku mbili tatu nikarudi na mkebe, nimejiandaa kwa vita. Msichana hakuinua hata macho kutoka kwenye simu yake. "Hiyo ni baridi tu, mathe. Weka mkebe kwa maji moto." Basi. Hakusema pole wala hakugusa mkebe.

Sikumwamini, nikampigia wifi yangu. Kwao ni Lira, kaskazini mwa Uganda, amekulia katikati ya miti ya shea. Akacheka mpaka nikaudhika upya. Akaniambia ndani ya siagi ile mna mafuta ya aina zaidi ya moja na hayagandi kwa pamoja, kwa hiyo ikipoa polepole mengine hutangulia na kufanya punje. Siyo uchafu, wala siyo dalili ya bandia. Iyeyushe kwa maji ya moto, usiiweke juu ya moto wenyewe, kisha iingize kwenye friji ipoe haraka. Akaongeza kwa majivuno kidogo kwamba shea ya kwao ni laini kuliko ya Afrika Magharibi, ningemwambia mapema angeniletea. Nikafanya hivyo. Ikatoka laini, rangi ya maziwa ya ng'ombe wa kienyeji, ina harufu ya moshi kwa mbali. Na fikiria, nilikuwa nimechokonoa nazi iliyoganda wiki nzima, lakini akili haikuunganisha mambo hayo mawili.

Kwa hiyo mkebe ni mzuri. Ni lazima niseme hivyo ingawa inaniuma. Napaka nikitoka kuoga, mwili bado na majimaji, na maji siku hizi ni vuguvugu. Kabla ya chaki napaka tena kidogo. Katika wiki mbili hivi mipasuko ilifunga, sweta halininasi. Yaani kila alichoniambia yule msichana kilikuwa sawa, na hilo ndilo linalonikera kuliko mjengo wenyewe. Nyota nne? Tatu, kwa sababu ya kile kijitube. Nikikikumbuka kijitube narudi kwenye moja. Kuna mtoto wa shule atakayesimama pale siku moja aseme ndiyo.

Juzi mkebe ulibakiza kidole kimoja nikamtuma mume wangu. Mimi huko sikanyagi. Amerudi na mikebe miwili, amepunguziwa bei, anasema msichana wa pale ana heshima sana, alimwita "mkubwa" na kumfungia mzigo vizuri kwa gazeti.

Chai yake alijipakulia mwenyewe.