DVD ya It Happened One Night: diski iliruka, na ndipo nikaielewa filamu

Filamu naipa nyota 5. Diski ya kwanza niliyouziwa siipi hata moja, ingawa bila ubovu wake nisingekuwa na haya ya kuandika.

Ni filamu ya mwaka 1934, nyeusi na nyeupe, ya dakika 105. Iliongozwa na Frank Capra kwa studio ya Columbia, na skripti aliiandika Robert Riskin. Ndiyo filamu ya kwanza kuzoa kwa mpigo tuzo 5 kubwa za Oscar: filamu bora, mwongozaji, mwigizaji wa kiume, mwigizaji wa kike na uandishi. Mimi niliinunua kwa sababu najifunza kuandika skripti, na kila ninapogeuka nasikia habari ya matendo matatu: la kwanza wakutane, la pili wapendane huku wakikwaruzana, la tatu watengane kisha warudiane. Nilikuwa nimeikariri kama jedwali la kuzidisha.

Ellie (Claudette Colbert) ni binti wa tajiri aliyefunga ndoa na rubani mmoja, King Westley, bila ridhaa ya baba yake. Baba anamzuia kwenye boti yake huko Miami. Binti anajitosa majini, anaogelea, anapanda basi la kwenda New York. Ndani ya basi anakutana na Peter (Clark Gable), mwandishi wa habari aliyetoka kufukuzwa kazi. Hayo yanakwenda upesi. Kwangu tendo la kwanza linafungwa usiku wa kwanza katika gesti ya kando ya barabara, Peter anapofunga kamba katikati ya vitanda viwili na kutundika blanketi. Analiita kuta za Yeriko, zile za kwenye Biblia zilizoanguka kwa sauti ya tarumbeta. Wameshapatana kibiashara: yeye atamfikisha kwa mumewe, binti atampa habari ya kuandika gazetini.

Tangu hapo nililifuatilia lile blanketi. Tendo la pili lote ni la watu wawili wenye ukuta wa kitambaa kati yao. Asubuhi wapelelezi wa baba wanabisha hodi. Peter anamvuruga Ellie nywele, na papo hapo wanaanza kugombana kama mke na mume waliochokana, kelele mpaka wapelelezi wanaona aibu na kuondoka. Mlango ukifungwa wanaangua kicheko pamoja. Hakuna aliyetamka neno la mapenzi, lakini mtazamaji ameshaiona ndoa yao. Usiku wa mwisho njiani, basi wameshaliacha na sasa wana gari, Ellie anavuka blanketi, anamwambia Peter anampenda. Peter anamrudisha kitandani kwake. Ellie analia mpaka anapitiwa na usingizi.

Hapo diski ikaganda. Ikatoa viboksi vya rangi, ikaruka, ikaendelea pale wenye gesti wanapomwamsha Ellie: gari halipo, Peter hayupo. Mke wangu akapiga kofi. “Si nilikwambia? Mtu wa magazeti huyo, kapata habari yake kaondoka.” Nami nikakubali. Diski ikaendelea kurukaruka hadi Peter yuko nyumbani kwa baba mtu, anadai dola 39.60. Hatukuelewa. Zawadi ya dola 10,000 iliyotangazwa kwa atakayesaidia kumpata Ellie haitaki, anadai vijisenti vya koti, sanduku, kofia na mashati aliyouza ili anunue petroli. Mtu aliyetoroka anadai koti?

Nilirudi kwa muuzaji, akanibadilishia bila maneno mengi. Tukaketi tena, na safari hii tukaiona sehemu iliyomezwa. Ellie akiwa amelala, Peter anamuuliza kupitia blanketi kama kweli yuko tayari kwenda naye. Hajibiwi. Basi anaendesha usiku kucha hadi New York, anamwandikia mhariri wake habari ya mapenzi yake mwenyewe, anaomba dola 1,000. Hataki kwenda kuposa mikono mitupu. Ameondoka kwa sababu anampenda. Anarudi akiimba, halafu msafara wa baba unampita barabarani, Ellie yumo ndani.

Mke wangu alinyamaza kidogo, kisha akasema, “Masikini, na mimi nilimtukana.”

Diski mbovu ilikuwa imetuweka mahali pa Ellie, tukaona anachokiona yeye tu. Filamu nyingi za mapenzi nilizotazama hutenganisha wapenzi kwa hila ya mtu mbaya au barua iliyopotea, na unamhisi mwandishi nyuma ya pazia akisukuma. Riskin amewatenganisha kwa jambo jema. Tabia ileile ya Peter ya kutotaka kuwa mzigo ndiyo inayombeba kwenda New York, na ndiyo inayomfanya adai dola 39.60 na senti isizidi. Baba anaielewa hesabu hiyo kabla ya binti yake. Siku ya harusi rasmi ya Ellie na Westley, wakitembea kuelekea madhabahuni, baba anamnong’oneza kuwa Peter hakuitaka zawadi, na kwamba gari linamsubiri. Ellie anakimbia na shela lake likipepea nyuma.

Mwisho umenishangaza zaidi. Hatuwaoni Ellie na Peter. Tunawaona wenye gesti nyingine wakijiuliza kwa nini wageni wao wametaka kamba, blanketi na tarumbeta ya kuchezea. Tarumbeta inalia, blanketi linaanguka sakafuni, taa inazimwa. Katika filamu nzima Gable na Colbert hawabusiani hata mara moja, na sikuona pengo lolote.

Maandishi ya chini kwenye nakala yangu ni ya Kiingereza tu, hivyo nilimtafsiria mama mkwe kwa mdomo, na mzaha mwingi ulinipita kwa kasi ya maneno yao. Sauti ya nakala ya pili ni safi. Ukienda kununua, mwombe muuzaji aiweke kwenye deki, msogeze hadi Ellie anapolala huku amelia, muiache icheze mpaka msafara upite. Kipande hicho kikiwa kizima, lipa.