"Hard" au "hardly"? Mkia mdogo, maana nyingine kabisa

Kijana mmoja hapa Kigoma aliniletea barua yake ya kuomba kazi niipitie. Aliandika "I work hardly", akikusudia kwamba anachapa kazi. Iliniuma, maana msomaji wa Kiingereza angeelewa kinyume: kazi karibu hafanyi.

Kosa lenyewe linaeleweka. Shuleni tuliambiwa ukitia "-ly" unapata kielezi, kama "slow" na "slowly". Lakini "hard" tayari ni kielezi, haihitaji mkia. Hukaa baada ya kitenzi. Wavuvi wa Kibirizi wanaokesha ziwani wakivuta nyavu, "they work hard".

"Hardly" ndiyo yenye mtego. Hutangulia kitenzi kikuu, na ukanushi umo ndani yake. Siku za mbalamwezi, dagaa hawakusanyiki vizuri kwenye taa, basi "they hardly catch anything": wanarudi na dagaa wa kuhesabu, ndoo haijai hata nusu. Usiongeze "not", wala usiseme "nothing". Ukanushi mmoja umeshatosha. Ukikutana na "hardly ever", hiyo ni "mara chache mno".

Barua ya kijana tuliifuta herufi mbili tu, akaipeleka asubuhi ileile.