Mwaka mzima na kalenda ya matukio ya kihistoria: uzoefu wangu, Mombasa

Naandika tathmini hii baada ya kuchana karatasi ya mwisho ya Desemba, kwa sababu bidhaa ya aina hii haipimiki kwa wiki moja. Ni kalenda ya mezani inayochanwa karatasi moja kila siku, na kila karatasi ina matukio manne au matano ya kihistoria yaliyotokea tarehe hiyo katika miaka mbalimbali, yote kwa Kiswahili. Niliinunua kwa shilingi 850 katika duka la vitabu karibu na Marikiti. Mimi ni mwalimu wa historia katika shule ya upili hapa Mombasa, na nilikuwa nimetafuta kwa muda mrefu kitu cha kufungulia kipindi cha asubuhi, kitu ambacho kingewafanya wanafunzi wainue vichwa kabla sijaandika lolote ubaoni.

Kwa upande wa umbo sina mengi ya kusema. Karatasi ni nzito ya kutosha, maandishi yanasomeka hata na mtu wa makamo asiyevaa miwani, na gundi ilishika vizuri mpaka Oktoba, ambapo joto na unyevunyevu wa kwetu viliishinda na karatasi zikaanza kutoka tatu tatu. Nilizifunga kwa kibanio nikaendelea.

Thamani yake niliiona waziwazi tarehe 27 Agosti. Karatasi ya siku hiyo ilikuwa na matukio matatu yanayotuhusu moja kwa moja, ingawa mtungaji aliyapanga kana kwamba hayajuani. La kwanza ni mlipuko mkubwa wa volkano ya Krakatoa, huko Indonesia, mwaka 1883, uliosababisha vifo vya watu zaidi ya 36,000, wengi wao wakichukuliwa na mawimbi, na ambao mshindo wake ulisikika hadi kisiwa cha Rodrigues, karibu kilomita 4,800 kutoka hapo, katika bahari hii hii inayopiga ukuta wa Ngome yetu ya Yesu hapa Mombasa. La pili ni vita vya Zanzibar vya mwaka 1896, pale manowari za Waingereza zilipoipiga kwa mizinga kasri ya Sultani kwa sababu Sayyid Khalid bin Barghash alikikalia kiti cha enzi bila idhini yao, siku mbili tu baada ya kifo cha Sultan Hamad bin Thuwaini. Vita hivyo hutajwa kuwa vifupi kuliko vyote katika historia, kiasi cha dakika 38, lakini waliouawa na kujeruhiwa upande wa kasri walikaribia 500. La tatu ni kuidhinishwa kwa Katiba ya Kenya mwaka 2010, Rais Mwai Kibaki alipoitia saini hadharani katika bustani ya Uhuru, Nairobi. Ndiyo Katiba iliyozaa kaunti 47, na sisi tukapewa nambari 001.

Niliibandika karatasi hiyo ubaoni. Mwanafunzi mmoja wa kidato cha pili aliisoma kwa sauti, akafika kwenye vita vya Zanzibar, akasema kwamba mizinga ilianza kupigwa saa tisa alasiri. Nilimwambia asome tena, akasoma vilevile, nami nilipoikaribia karatasi nikakuta mtoto hana kosa. Mtungaji alikuwa ameandika "saa 9:02". Hiyo ni saa ya Kizungu iliyohamishwa jinsi ilivyo, na kwa msomaji wa Kiswahili saa tisa ni ya alasiri au ya usiku, wala haiwezi kuwa ya asubuhi. Makataa ya Waingereza yalikwisha saa tatu asubuhi na mizinga ikaanza saa tatu na dakika mbili. Kosa hili limerudiwa katika karatasi nyingi, na ndilo lililonisikitisha kuliko yote, kwa sababu mtu anayewaandikia Waswahili lazima ajue kwamba saa zetu huhesabiwa tangu jua linapochomoza na tangu linapotua.

Hata hivyo somo la siku hiyo lilikuwa miongoni mwa masomo bora niliyowahi kufundisha, na lilikuwa bora kwa ajili ya jambo ambalo kalenda haikulitaja. Sayyid Khalid alikimbilia ubalozi wa Wajerumani, akavushwa kwenda Dar es Salaam, akaishi huko hadi Waingereza walipomkamata mwaka 1916 wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, wakampeleka uhamishoni Shelisheli na Saint Helena, kisha wakamruhusu arudi Afrika Mashariki. Alifariki hapa Mombasa mwaka 1927. Nilipoyaeleza hayo darasa zima lilinyamaza, na aliyeuliza swali la kwanza ni msichana ambaye kwa muhula mzima hakuwa ameinua mkono hata mara moja. Alitaka kujua kama Sultani huyo alipofika Mombasa aliweza kuiona bendera ya ukoo wake ikipepea juu ya Ngome. Jibu ni ndiyo, kwa kuwa ukanda wa pwani wa maili kumi ulihesabiwa kuwa milki ya Sultani wa Zanzibar hata ukiwa chini ya utawala wa Waingereza, na bendera yake nyekundu iliendelea kupepea Ngomeni mpaka wakati wa uhuru.

Karatasi ya pili iliyonifundisha jambo ni ya tarehe 7 Aprili. Nilikwenda nayo jioni barazani kwa Ami, ndugu wa marehemu baba yangu, aliyefanya kazi bandarini Kilindini kwa miaka mingi na ambaye mpaka leo husoma kila kilichoandikwa, hata karatasi iliyofungiwa kashata. Tulikuwa tumemiminiwa kahawa. Nilimsomea kwamba tarehe hiyo mwaka 1498 Vasco da Gama alifika Mombasa; mwaka 1948 Katiba ya Shirika la Afya Duniani ilianza kutumika, ndiyo maana tarehe hiyo ikawa Siku ya Afya Duniani; mwaka 1972 Mzee Abeid Amani Karume aliuawa kwa risasi Kisiwandui, Zanzibar; na mwaka 1994 mauaji ya kimbari ya Rwanda yalianza. Ami alilitulia kwa muda jina la Karume, akamrehemu, kisha akaniuliza, "Mwanangu, hao walioandika hii, siku yao huanza saa ngapi?"

Nilidhani ni swali la mzee anayependa mazungumzo. Kumbe ndilo swali lenyewe. Kwetu siku huanza jua linapotua, na ndiyo maana usiku wa baada ya Alhamisi tunauita usiku wa Ijumaa. Ndege iliyombeba Rais Juvénal Habyarimana ilitunguliwa Kigali usiku wa Jumatano, tarehe 6 Aprili 1994, kwa hesabu ya kalenda ile. Kwa hesabu ya Ami, usiku ule ulikwishakuwa wa Alhamisi, tarehe 7, yaani tukio lililotangulia na mauaji yaliyofuata ni ya siku moja. Kalenda imeyatenga katika karatasi mbili, na mwanafunzi anayesoma moja tu hukosa kuona jinsi saa chache za usiku zilivyoyaunganisha. Simlaumu mtungaji kwa kufuata usiku wa manane, kwa sababu ndio utaratibu wa dunia. Ninachotaka ni sentensi moja mwanzoni mwa kalenda inayosema kwamba utaratibu uliofuatwa ni huo.

Ami aliongeza kwamba watu wa vyombo vya baharini wa zamani hawakuzihesabu siku zao kwa Januari wala kwa mwezi mwandamo, bali kwa nairuzi, mwaka wa siku 365 uliogawanywa kwa miongo ya siku kumi kumi. Tangu jioni ile nimeona upungufu mkubwa wa kalenda hii kwa mtu wa pwani: hakuna mahali hata pamoja palipoandikwa tarehe ya Kiislamu. Kalenda za ukutani zinazogawiwa misikitini huwa nazo, pamoja na nyakati za sala. Hapa, Maulidi ya tarehe 12 Mfungo Sita yameandikwa kama tukio la tarehe moja ya Kizungu, ilhali mwaka wa mwezi mwandamo ni mfupi kwa takriban siku 11, na mwakani tarehe hiyo itakuwa imekwishasogea.

Na hata kalenda ya Kizungu yenyewe si moja. Hili nililijua tangu chuoni, lakini sikuwahi kulifikiria kwa undani mpaka nilipoitazama tena karatasi ya 7 Aprili. Da Gama aliandikiwa tarehe yake kwa kalenda ya Juliasi, ile iliyotangulia hii tunayoitumia sasa. Siku hiyo ilikuwa Jumamosi, na kesho yake ilikuwa Jumapili ya Matawi. Marekebisho ya kalenda ya Papa Gregori yalikuja mwaka 1582, pale tarehe 4 Oktoba ilipofuatwa na tarehe 15 Oktoba katika nchi zilizoyakubali mapema, Ureno ikiwa mojawapo. Ukiihamisha siku ya da Gama kwenye kalenda tunayoitumia sasa, unapata tarehe 16 Aprili. Kwa hiyo tukio hilo na kifo cha Mzee Karume yana tarehe moja kwa maandishi, lakini dunia haikuwa mahali pamoja katika mzunguko wake wa kulizunguka jua. Ngome ya Yesu, kwa upande wake, iliwekwa wakfu tarehe 11 Aprili 1593, baada ya marekebisho, na tarehe yake haihitaji kuhamishwa. Karatasi ya 30 Mei ina tatizo hilohilo: imemweka Joan of Arc, aliyechomwa moto Rouen mwaka 1431, pamoja na reli kufika Nairobi mwaka 1899, bila neno lolote la kutofautisha hesabu hizo mbili.

Mfano ambao wanafunzi waliupenda zaidi ni wa mwezini. Karatasi ya 20 Julai inasema kwamba Neil Armstrong alikanyaga mwezi siku hiyo mwaka 1969. Kwa saa za Marekani ni kweli. Kwa saa zetu, chombo kilitua Jumapili tarehe 20, saa tano na dakika 17 usiku, lakini Armstrong alishuka na kukanyaga vumbi la mwezini saa kumi na moja na dakika 56 alfajiri ya Jumatatu, tarehe 21. Niliwaachia wanafunzi waipige hesabu wenyewe, nao walipopata jibu wakaanza kuzikagua karatasi nyingine bila kuambiwa.

Ukaguzi huo ndio uliotufichulia kosa ambalo siwezi kulinyamazia. Karatasi ya 12 Desemba inasema kwamba Kenya na Zanzibar zilipata uhuru siku hiyo mwaka 1963. Zanzibar ilipata uhuru tarehe 10 Desemba, siku mbili kabla, na kwa mtu wa Mombasa siku hizo mbili ni jambo kubwa, kwa kuwa ukanda huu tunaoishi uliachiwa Kenya kwa barua zilizotiwa saini Oktoba 1963 na Jomo Kenyatta na Waziri Mkuu wa Zanzibar, Muhammad Shamte. Kuziunganisha tarehe hizo ni kuifuta sura nzima ya historia yetu. Niliwaandikia wachapishaji ujumbe wa heshima kuhusu hilo, na sikujibiwa.

Pwani kwa jumla imesahauliwa. Kuzingirwa kwa Ngome ya Yesu na Waomani kulianza tarehe 13 Machi 1696 kukaisha tarehe 13 Desemba 1698, miezi 33 kamili, na hakuna karatasi hata moja kati ya hizo mbili iliyokutaja. Nafasi hiyo imejazwa na siku za kuzaliwa za waigizaji wa sinema. Sina ubaya na waigizaji, lakini karatasi ni ndogo na kila mstari unaopewa mmoja ananyimwa mwingine.

Pamoja na hayo yote, ninaipendekeza. Mwalimu wa shule ya msingi ya juu au ya upili atapata ndani yake mwanzo mzuri wa kipindi karibu kila siku, na tarehe nyingine zina utajiri ambao huwezi kuukusanya mwenyewe asubuhi kabla ya kengele, kama 26 Aprili, siku ya Muungano wa Tanganyika na Zanzibar mwaka 1964, ya ajali ya Chernobyl mwaka 1986 na ya kushambuliwa kwa mji wa Guernica mwaka 1937. Mzazi anayetaka kumpa mtoto kitu cha kusoma peke yake asiitegemee hii bila kukaa naye, kwa sababu ya zile saa na zile tarehe nilizozieleza. Mwenye duka aliniambia kwamba bei ya mwaka huu imepanda hadi shilingi 950, na bado naiona ni ya haki.

Nimenunua mbili, moja ya darasani na moja ya Ami. Karatasi za mwaka jana sikuzitupa; zote zimo ndani ya kasha la viatu, na kwenye ile ya tarehe 13 Machi wanafunzi wameandika kwa penseli, pembeni mwa jina la mwigizaji, tarehe ya kuzingirwa kwa Ngome. Ami ameomba tumwachie nafasi kwenye ile ya tarehe 13 Desemba aandike mwenyewe.